Sensa Mbili na Bafu la Mama Mkwe

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita, habari kwa ufupi. Mimi ni dereva wa hospitali. Naendesha lile gari jeupe la kuwabeba wagonjwa wa figo wanaokwenda kusafishwa damu. Gari lenyewe lilikuwa na tabia mbaya: likishapata moto, linazima. Ubaya ulikuwa kwenye sensa moja ya injini, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Kidude hicho kilikuwa kinaoga oili kila siku. Kikishindwa kusema, kompyuta inadhani injini imekufa, inakata mafuta, na wewe dereva unabaki katikati ya barabara unapigiwa honi na kila mwenye mkono.

Mara ya mwisho lilizima akiwa ndani Mwalimu, bibi mmoja mstaafu. Akakosa zamu yake ya mashine. Nesi akaniambia mimi, si yeye, kwamba akikosa tena maji yatampanda mapafuni, na hapo hakuna wa kulaumiana naye.

Gereji inayotutengenezea ni ya mama mkwe wangu. Umesikia sawasawa, fundi ni mama mkwe. Na mimi na mke wangu tunaishi chumba cha uani kwake, ukuta mmoja na stoo ya matairi. Cheka tu, kucheka hakulipiwi ushuru.

Hospitalini tuna mkuu wa usafiri. Madereva tunamwita Bwana Badilisha, akiwa hayupo. Kwake yeye kitu kikiharibika dawa yake ni kipya. Mama mkwe naye mtaa mzima unamwita Mama Safisha. Yeye husema kifaa kuchafuka si kufa. "Mtu akichafuka anaoga, hazikwi." Mafahali hao wawili walikuwa wanagombania sensa moja, na nyasi nilikuwa mimi.

Bwana Badilisha akatoa sensa mpya ndani ya boksi lake, nikaipeleka gereji na amri: fungeni mpya, ya zamani niletewe niione. Siku ya kufuata gari nikakuta sensa mbili mezani. Moja ndani ya boksi, inang'aa. Nyingine juu ya gazeti, nyeusi tititi kwa oili. Mama mkwe hayupo. Maji yanamwagika kwenye bafu la mabati. Anaoga. Na simu ya Bwana Badilisha inaita: gari liko wapi, Mwalimu anasubiri.

Sasa niambieni nyinyi. Mwanamume gani anasimama nje ya bafu la mkwewe na kuuliza, "Mama, nichukue ipi?" Mimi hata kukohoa karibu na lile bafu sijawahi. Nikaona jambo lenyewe liko wazi: inayong'aa ni mpya, chafu ni ya zamani. Sensa inashikwa na bolti moja tu. Nikaifunga inayong'aa, nikabeba chafu, nikampeleka Mwalimu kwenye mashine yake, kisha nikaenda ofisini.

Hapo ndipo nilipowaacha, nimefika mlangoni kwa Bwana Badilisha, kitambaa mkononi, najiona mtu wa maana.

"Lete maiti," akasema.

Ofisi yake ina dirisha, na chini ya dirisha pana tofali la zege, na juu ya tofali pana nyundo. Kila kifaa cha zamani kinachorudi anakiponda mwenyewe, mbele ya dereva aliyekileta. Anasema ukikitupa kizima, mafundi watakiokota, watakifuta, watakifunga kwenye gari la mtu mwingine na kumwambia ni kipya. Kwa hiyo kila dereva pale amewahi kusimama kwenye mazishi.

Nikaiweka sensa juu ya tofali. Akavua saa. Huwa anavua saa.

Simu yangu ikalia. Mama mkwe. Simu ya mkwe haikatwi, hata ukiwa mbele ya nani. Nikaweka sikioni.

"Mkwe, umelichukua gari?"

"Nimelichukua, Mama. Nimefunga mpya, ya zamani nimeileta ofisini."

"Umefunga ipi?"

"Iliyokuwa kwenye boksi."

"Baba, iliyokuwa kwenye boksi ndiyo ya zamani. Nimeiosha mwenyewe nikaiweka humo isipate vumbi. Ile mpya iliniponyoka ikaangukia kwenye karai la oili chafu. Nikaitoa, nikaiweka kwenye gazeti ichuruzike."

Nikamtazama Bwana Badilisha. Nyundo ilikuwa imeshapanda.

"Mkuu," nikasema.

"Subiri zamu yako," akasema, na akashusha.

Ilivunjika mara moja. Kipande kimoja kiliruka kikanigonga kwenye kiatu.

"Ni nini hicho kimelia?" Mama mkwe akauliza sikioni.

"Nyundo, Mama."

Akakata simu. Bwana Badilisha aliokota kipande kikubwa, akakisogeza dirishani kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku kama daktari anayesoma picha ya kifua.

"Unaona? Imeoza mpaka ndani. Na kuna watu wangekwambia isafishwe."

Ilikuwa ndiyo nafasi yangu. Sentensi moja tu: Mkuu, hiyo ndiyo mpya. Sikuisema. Maana nikisema, swali la pili ni lipi? Kwamba mpya ilifikaje kwenye oili, ya zamani iliingiaje kwenye boksi, fundi ni nani, na fundi ni nani wako. Hakuna mtu timamu angesikia hadithi ya karai na bafu akaiamini.

Nikasema, "Imeoza kweli, Mkuu."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo msinipe pole.

Nilirudi nyumbani. Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja, mkononi ana mpira mweusi wa duara. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Kaa."

Nikakaa chini, kwenye tairi.

"Unajua hiki ni nini?"

"Sijui, Mama."

"Sili. Sili ya krankshafti, mpira unaozuia oili isitoke kwenye mhimili wa injini. Ile ya kwenye gari lenu imechoka, ndiyo inayovujisha oili. Niliosha sensa ya zamani ili nione oili inatoka wapi. Nikaona. Nikaenda kununua sili. Nimerudi na jasho langu, naingia kuoga, natoka gari halipo."

"Samahani, Mama."

"Mkuu wako anataka mpya, mimi nataka kuosha, na wote wawili tungekuwa tunajisumbua. Sensa ina sumaku puani. Oili inailetea vumbi la chuma, linaganda pale, inakuwa kipofu. Weka mpya, itapofuka. Osha ya zamani, itapofuka. Mpaka sili ibadilishwe." Akanitazama juu ya miwani. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa unaoga, Mama."

"Kwani nikioga mdomo unafungwa?"

Mke wangu, aliyekuwa anaanua nguo, aligeukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilijua anacheka, na mimi mwenyewe ningecheka kama yangekuwa ya mtu mwingine.

"Mwambie akupe siku moja," Mama mkwe akasema. "Gari libaki hapa, nishushe gia boksi, nibadilishe sili. Kazi imekwisha. Sensa hii iliyooshwa itadumu."

"Na ile mpya? Nimwambie nini?"

"Mwambie kweli."

"Kwamba kaiponda mwenyewe?"

Hapo na yeye alicheka, mara moja tu, puani. Kisha akaacha. "Atasema tumeila," akasema.

"Atasema."

"Basi omba siku kwanza. Ya sensa tutayaona gari likiwa zima."

Ushauri wa mkwe si wa kupinga. Kesho yake nikaingia kazini na maneno yangu nimeyapanga. Bahati mbaya gari lilikuwa linanguruma vizuri kuliko siku zote. Bwana Badilisha alikuwa amesimama getini na madereva wengine, akaniashiria nisimame niiache injini ikiwaka.

"Sikilizeni," akawaambia. "Sikilizeni mlio huo. Kipya ni kipya, jamani."

Madereva wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akanikonyeza. Ilikuwa sensa ile ile ya zamani, imeogeshwa tu na mama mkwe wangu, na sasa imekuwa mfano wa kufundishia.

Nikamfuata ofisini.

"Mkuu, fundi anaomba siku moja. Kuna sili inavuja, inafaa ibadilishwe."

Alikuwa anafunga saa yake mkononi. Akaacha.

"Tumebadilisha sensa jana tu. Gari ni zima. Halafu fundi anaomba siku nyingine. Anatafuta kazi, au hajaifunga ile niliyompa?"

"Ameifunga, Mkuu."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona."

Ni uongo wa pili huo, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Nilijisikia vibaya kwa jinsi ulivyokuwa rahisi.

"Kaa," akasema. Sikuzoea kukaa mbele yake. "Mnanicheka, najua. Najua mnaniitaje. Kabla hujaja wewe tulikuwa na gari jingine. Likasumbua hivi hivi, fundi akasema anasafisha, mimi nikasema sawa, safisha. Likazima na mgonjwa ndani, barabara ya mlimani, hakuna simu inayoshika. Unajua ni nani alikwenda kuwaambia watoto wake?"

"Hapana, Mkuu."

"Mimi. Mdogo wao aliniuliza gari liliharibika nini. Nikamwambia kitu kidogo tu." Akasugua uso. "Kwa hiyo siku sikupi. Wagonjwa hawana siku ya kukopesha. Kama kifaa kipya kiko ndani, gari litembee."

Kama ningeweza kumchukia, ningepumua. Lakini mtu alikuwa na haki yake, na mama mkwe alikuwa na haki yake, na katikati ya haki mbili nilikaa mimi na uongo wangu. Nikasimama, nikasema asante, Mkuu. Nilimshukuru kwa lipi, mpaka leo sijui.

Tukaanza maisha ya kujificha. Kila nikimaliza kazi napitisha gari gereji. Mama mkwe anafungua bolti, anaichomoa sensa, anaipulizia dawa, anaifuta vumbi la chuma kwenye pua yake kwa kitambaa laini, anairudisha. Ilikuwa kama kumhudumia mtoto mwenye homa. Hanisemeshi, namshikia taa. Akimaliza ananiambia, "Nenda, utafika kesho."

Si maneno ya kumtia dereva moyo hayo.

Ndani ya gari nikawa mtu wa kusikiliza. Redio sifungui. Wagonjwa wakizungumza nawajibu nusu nusu, sikio liko kwenye injini. Mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi ukitetemeka kidogo, napunguza mwendo. Nikifika hospitalini nageuza ufunguo na kukaa kidogo mikono ikiwa kwenye usukani, mpaka wagonjwa wananiuliza kama naumwa.

"Mwambie tu," mke wangu alisema. Alikuwa amelala ubavu, maana tumbo la mtoto limeshamkataza kulala chali. "Kesho asubuhi. Ingia, sema, toka."

"Akinifukuza?"

"Akikufukuza tutakula tulichonacho."

"Tuna nini?"

Akafikiri. "Tuna mama," akasema.

Hilo halikunisaidia, maana mama mwenyewe ndiye angeitwa mwizi. Hospitali ikimwondoa, nani mwingine atampa gari mwanamke aliyeambiwa anakula vifaa vya wagonjwa? Nikamwambia mke wangu nitasema. Nikamwahidi kesho moja, na kesho nyingine.

Kisha likaja tangazo. Magari yote yalale ndani ya ua wa hospitali, funguo zibaki kwa mlinzi. Hakuna gari kwenda nyumbani kwa dereva. Bwana Badilisha alilisoma mwenyewe, na hakunitazama mimi kuliko wengine, lakini nilihisi kama limeandikwa jina langu.

Jioni hiyo nilipita gereji kwa miguu. Mama mkwe aliniona sina gari, akakikunja kile kitambaa laini, akakiweka mfukoni.

Asubuhi zamu ilikuwa ya Mwalimu peke yake.

Mwalimu ana tabia zake. Hakai nyuma kwenye kiti cha mgonjwa, anakaa mbele, mkoba mapajani, na akikusikia umekosea kusema anakusahihisha hata kama umesema naye kwa adabu. Asubuhi ile hakunisahihisha chochote. Miguu ilikuwa imemvimba hadi viatu ameviacha, kavaa kandambili. Akizungumza anakatisha sentensi ili avute pumzi.

"Twende mwanangu," akasema. "Leo nimejaa... kama pipa."

Tulipita sokoni, salama. Tukapita kwenye mzunguko, salama. Tukaanza kupanda ule mwinuko kati ya kuta mbili ndefu za viwanda. Jua limepanda, injini imepata moto. Taa ya injini ikawaka. Nikasema moyoni, tafadhali. Gari likajikohoza mara moja, likanyamaza.

Nikaliacha lirudi nyuma taratibu hadi ukutani, nikavuta breki ya mkono.

Nilijaribu ufunguo. Injini ilizungushwa na betri, haikushika. Nikajaribu tena. Mwalimu aliweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Acha. Utamaliza betri bure."

Nikampigia Mama mkwe. Akasema anapanda pikipiki. Nikapiga hospitalini waniletee gari jingine. Simu ikapokelewa na Bwana Badilisha mwenyewe.

"Limezima?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kumsikia hivyo. "Nani yuko ndani?"

"Mwalimu."

"Nakuja na gari langu. Mwambie nakuja."

Nikamfungulia Mwalimu kioo apate hewa. Ukuta wa kiwanda ulikuwa unatema joto. Alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Nilisikia walibadilisha kile kifaa," akasema. "Manesi walisema. Kipya."

Nikageukia kioo cha pembeni.

"Nakuuliza wewe, dereva."

Basi nikasema. Kwa nini nilimwambia yeye na siyo aliyetakiwa kuambiwa, sijui. Pengine kwa sababu alikuwa ananipa macho ya mtu mwenye muda, na kumbe muda ndicho kitu pekee alichokuwa hana. Nikamwambia boksi, gazeti, karai, bafu. Nikamwambia nyundo. Nikamwambia nilivyosema imeoza kweli. Nikamwambia nilivyoapa kwamba nimeona kwa macho yangu mpya ikifungwa, na sikuona. Nilipofika kwenye bafu alitabasamu. Nilipofika kwenye macho yangu aliacha.

"Kwa hiyo umeniendesha siku zote hizi... ukijua."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kusafisha kwenyewe sina ugomvi nako. Mimi nasafishwa tu, mwanangu. Figo mpya hakuna aliyenipa." Akavuta pumzi. "Ugomvi wangu ni kuniacha niamini ni mpya. Ningejua, ningeondoka nyumbani mapema. Ningepanda kitu kingine. Uliniamulia."

Hakusema kwa hasira. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na gari.

Pikipiki ikafika. Mama mkwe alishuka kabla haijasimama vizuri, akamwamkia Mwalimu dirishani, akafungua boneti. Joto likampiga usoni. Alijifunga kitambaa mkononi, akaingiza mkono chini, akafungua bolti kwa kupapasa. Sensa ikatoka. Pua yake ilikuwa imevaa ndevu nyeusi za chuma na oili.

"Kipofu kabisa," akasema. Kisha akageuka na kunisogelea, akashusha sauti. "Mkuu wako yuko njiani?"

"Yuko njiani, Mama."

"Nisikilize vizuri. Nitakachosema akifika, usinipinge."

"Mama, nataka kumwambia mwenyewe."

"Unataka. Umetaka tangu lini?" Hakungoja jibu. "Mimi nina gereji na nina miaka yangu. Watu wakiniita mwizi wataniita, watachoka. Wewe ukiitwa mwizi wa hospitali hupati usukani tena mahali popote, na binti yangu anakaribia kujifungua. Nilikupa binti. Sikukupa ruhusa ya kunijibu."

"Mama..."

"Ukifungua mdomo, nyumbani kwangu usirudi. Nimemaliza."

Gari la Bwana Badilisha lilipanda mwinuko kwa kasi, likasimama mbele yetu. Alishuka bila koti. Alikwenda kwanza kwa Mwalimu, akamshika kiganja, akamwambia twende mara moja. Kisha, akizunguka ili anisaidie kumshusha, akaona kilichokuwa mkononi mwa Mama mkwe.

"Hiyo ni nini?"

"Sensa."

"Niione."

Akaichukua, akaifuta kwa shati lake jeupe. Akautazama waya wake. Waya ulikuwa umepauka, umekakamaa kwa joto la miaka.

"Hii si niliyotoa," akasema polepole. "Hii ni ya zamani. Mpya iko wapi?"

"Nimeiuza," Mama mkwe akasema.

Alisema kama mtu anayetaja bei ya spana. Hata mimi niliyejua nilishtuka.

"Umeiuza."

"Nimeiuza. Nikaiosha ya zamani, nikaitia kwenye boksi. Ile chafu uliyoiponda ni kifaa chakavu cha gari jingine. Dereva akaja akaona inang'aa, akadhani ni mpya. Hajui kitu."

Bwana Badilisha alinigeukia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyerudishwa tena kwenye ile barabara ya mlimani.

"Ni kweli?"

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake, miwani yake ya waya imepinda, mikono yote miwili imejaa oili. Alinitazama moja kwa moja. Nusu ya alichosema ilikuwa kweli tupu. Inayong'aa nilidhani mpya, ndiyo. Nilishika nusu hiyo.

"Ndiyo, Mkuu," nikasema.

Mama mkwe akapumua. Niliona kabisa mabega yake yakishuka. Nami nilisikia aibu imenipanda kutoka miguuni mpaka kwenye masikio.

"Basi, Mama, utaeleza polisi," Bwana Badilisha akasema. "Lakini mgonjwa kwanza." Akafungua mlango wa mbele wa gari letu, akanyoosha mikono yote miwili. "Mwalimu, njoo. Mashine iko tayari, wanakusubiri wewe tu."

Mwalimu hakusogea. Alikuwa ameshafungua mkanda wake wa kiti. Akauchukua, akauvuta taratibu kifuani, akaufunga tena.

"Sishuki," akasema.

"Mwalimu, huyu mama ataadhibiwa, usijali. Twende."

"Nilipokuwa nafundisha," Mwalimu akasema, na akatulia avute pumzi, "kioo kikivunjwa darasani... hatoki mtu. Mimi mwenyewe sitoki. Tunakaa. Mpaka aliyevunja... asimame."

"Mwalimu, hatuna muda. Wakikukosa watampa mgonjwa mwingine nafasi yako."

"Najua."

"Unajua ulivyo leo?"

"Najua... kuliko wewe."

Bwana Badilisha alijaribu kumfungua mkanda. Mwalimu akamshika mkono, si kwa nguvu, nguvu hakuwa nayo, lakini mkuu wa usafiri alirudisha mkono wake kama mtoto wa shule aliyeguswa. Mama mkwe alisogea karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake nilisikia sauti yake ikitetemeka. "Usithubutu," akaninong'oneza. "Atashuka tu. Usithubutu."

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Kichwa kimeegemea kiti, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida, na ndani yake nilianza kusikia mlio wa maji.

Bwana Badilisha alisimama wima. Alimtazama mgonjwa, akamtazama Mama mkwe, mwisho akanitazama mimi.

"Dereva," akasema. "Huyu anamsubiri nani?"